Mauzo ya vipima hewa yamepanda, fedha benki zimepungua: tuisomeje ripoti hii ya robo mwaka?

Mweka_Vitabu_SouthB

Wanajukwaa, hamjambo. Naomba msaada wa wale waliozoea kusoma hesabu za kampuni za nje. Chama chetu cha watu kumi na wawili hukutana South B kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, na kwa miaka kadhaa tumekuwa tukiweka akiba katika dhamana za serikali na hisa chache za hapa Nairobi. Mwezi uliopita mwenzetu mmoja alipendekeza tununue hisa za kampuni ya Ulaya inayotengeneza vipima hewa, yaani vile vifaa vidogo vinavyotundikwa ukutani ili kupima kabonidioksidi, chembechembe za vumbi, unyevu na, katika nchi za baridi, radoni, ambayo ni gesi yenye mionzi. Kampuni yenyewe siitaji kwa kuwa bado hatujaamua, na sipendi ionekane kwamba ninaipigia debe au kuichongea.

Tuliichapisha ripoti yao ya robo mwaka, na hapo ndipo tulipogawanyika. Mweka hazina wetu alipigia mstari mwekundu sentensi ya ukurasa wa kwanza inayosema kwamba mauzo yamepanda yakilinganishwa na robo kama hiyo mwaka jana, na kwamba mapato yanayojirudia kila mwaka, ambayo ni ada za huduma ya mtandao zinazolipwa na wateja, yamepanda hata zaidi. Mimi, ambaye ningali nafanya mitihani ya uhasibu ya KASNEB, nilikwenda moja kwa moja kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha, nikakuta kwamba shughuli za kawaida za biashara zimemeza fedha badala ya kuzileta. Mweka hazina aliniambia kwamba natafuta kasoro. Je, inawezekanaje kampuni iuze zaidi, tena kwa faida ghafi (mauzo ukitoa gharama ya bidhaa zenyewe) inayozidi nusu ya mauzo, kisha ibaki na fedha kidogo kuliko ilivyoanza?

Mkaguzi_Mstaafu

Ndugu Mweka Vitabu, kabla ya kustaafu nilikagua hesabu za viwanda vya Industrial Area kwa miaka mingi, na tatizo lenu nalijua, ijapokuwa sisi tulikuwa na sabuni na mabati badala ya vipima hewa. Anzeni ghalani.

Kampuni nyingi za aina hii hazina kiwanda chao wenyewe. Hubuni kifaa, hununua vihisi na vipuri vingine, kisha humpa kandarasi mwenye kiwanda avikusanye. Vipuri hivyo huagizwa miezi mingi kabla ya kifaa kuuzwa, na wakati wa uhaba wa chipu wa mwaka 2021 na 2022 watengenezaji wengi walilazimika kuagiza vingi na mapema ili wasikose kabisa. Fedha zinatoka leo. Kifaa kikishakamilika hupelekwa kwa msambazaji au duka kubwa, ambaye hupewa siku 60 au 90 za kulipa. Kwa hiyo kati ya siku fedha zilipotoka na siku zinaporudi inaweza kupita nusu mwaka au zaidi, na kadiri kampuni inavyokua ndivyo shimo hilo linavyopanuka.

Sasa angalieni jambo ambalo mweka hazina wenu huenda hakulifikiria. Chini ya kiwango cha kimataifa cha uhasibu cha IFRS 15, kilichoanza kutumika tarehe 1 Januari 2018, mauzo huandikwa pale udhibiti wa bidhaa unapohamia kwa mnunuzi, na mnunuzi hapa ni msambazaji, si mwenye nyumba atakayekitundika kifaa ukutani. Kifaa kinaweza kuwa bado kimo ndani ya katoni katika ghala la mtu mwingine, huku kwenye ripoti kimeshahesabiwa kuwa kimeuzwa. Siku za mwisho za robo ndizo zenye kishawishi kikubwa, kwa sababu meneja wa mauzo aliyepungukiwa na lengo lake anaweza kumbembeleza msambazaji achukue mzigo mkubwa kwa punguzo la bei au kwa muda mrefu zaidi wa kulipa. Si lazima sheria iwe imevunjwa, lakini mauzo ya robo inayofuata yameshaliwa.

Njia ya kulipima jambo hili ni rahisi. Gaweni mauzo ya robo nzima kwa siku 90, kisha mgawe fedha ambazo wateja bado hawajailipa kampuni kwa jibu hilo. Kwa mfano, mauzo yakiwa milioni 90, kila siku ni milioni moja, na wadaiwa, yaani fedha hizo ambazo wateja hawajalipa, wakiwa milioni 75, maana yake ni kwamba mauzo ya siku 75 bado hayajalipwa. Fanyeni hesabu hiyohiyo kwa robo kama hii ya mwaka jana. Ikiwa siku zimeongezeka, ulizeni kwa nini. Kisha tazameni thamani ya bidhaa zilizo ghalani, kwa kuwa kanuni ya uhasibu ya IAS 2 inataka ziandikwe kwa gharama yake au kwa bei zitakazopatikana baada ya kutoa gharama za kuziuza, ile iliyo ndogo. Modeli mpya ikitoka, ile ya zamani hushushwa thamani, hasara ikaingia katika gharama ya mauzo, na ile faida ghafi mliyoifurahia ikateremka ghafla bila mtu yeyote kupunguza bei.

Ada za huduma zina tabia iliyo kinyume, na hapa ndipo nawaomba msome polepole. Tuseme ofisi imelipa shilingi 36,000 siku ya kwanza ya robo, ambapo 24,000 ni za kifaa na 12,000 ni za huduma ya mtandao ya miezi 12. Kampuni imepokea 36,000 zote, lakini katika robo hiyo inaruhusiwa kuandika mauzo ya 27,000 tu, yaani kifaa pamoja na miezi mitatu ya huduma. Zile 9,000 zinakaa kwenye mizania kama deni kwa mteja. Kwa biashara ya ada zinazolipwa mapema, basi, fedha hutangulia mauzo. Kampuni inayojieleza kuwa ya huduma, ilhali mauzo yake yanatangulia fedha, bado ni kampuni ya kuuza makasha, haidhuru ukurasa wa kwanza unasema nini.

Kuna mlango mwingine wa fedha kutokea. Mishahara ya wahandisi wanaobuni programu na modeli mpya inaweza, ikitimiza masharti ya IAS 38, kanuni ya mali zisizoshikika, kuandikwa kama mali badala ya gharama. Faida kabla ya riba, kodi na uchakavu inapendeza, huku mishahara hiyohiyo ikionekana katika sehemu ya shughuli za uwekezaji ya taarifa ya mtiririko wa fedha. Jumlisheni sehemu hiyo na ile ya shughuli za kawaida ndipo mtajua robo hiyo iligharimu kiasi gani.

Mweka_Vitabu_SouthB

Mzee, shikamoo, na ahsante sana. Nimefanya hesabu ulivyoelekeza, na siku za wadaiwa zimepita za robo kama hiyo mwaka jana kwa takriban wiki tatu. Bidhaa ghalani pia zimeongezeka, na mishahara ya wahandisi nimeikuta palepale uliponielekeza. Mweka hazina amekubali hilo shingo upande, lakini ameshikilia kwamba mapato yanayojirudia ndiyo yatakayoiokoa kampuni, kwa sababu anayekwisha kuweka kifaa ukutani ataendelea kulipa.

Msimamizi_wa_Jengo

Mniwie radhi kuingilia mazungumzo ya wahasibu. Mimi nasimamia jengo la ofisi Upper Hill, na hilo la "ataendelea kulipa" naweza kulieleza kwa upande wa mteja.

Mwaka 2022, wafanyakazi waliporudi ofisini baada ya korona, mwajiri wangu alinunua vipima hewa 40. Dola ilikuwa karibu shilingi 120. Wiki ya kwanza vilitusaidia sana. Nakumbuka chumba cha mikutano cha ghorofa ya tano, watu kumi na wanne, madirisha yamefungwa kwa sababu ya kelele za magari. Ilipofika saa nne na nusu asubuhi kifaa kilikuwa kinasoma kabonidioksidi sehemu 1,900 katika sehemu milioni moja za hewa, wakati hewa ya nje ina kama 420 tu. Mkurugenzi mwenyewe aliinuka akafungua madirisha mawili, na baada ya dakika ishirini hivi namba ikawa chini ya 800. Tangu siku hiyo kila mtu anajua kwamba chumba kile hakifungwi madirisha. Hilo ndilo tatizo la anayeuza ada: somo lilishaeleweka katika mwezi wa kwanza, na ilipofika mwaka wa pili hakuna aliyekuwa akifungua ule ukurasa wa takwimu isipokuwa mimi, tena ni pale tu betri ilipokuwa inakaribia kuisha.

Ankara ya kulipia tena huduma ilitufikia Januari 2024, kwa dola, wakati shilingi ilikuwa imeteremka hadi takriban 160. Meneja wetu wa fedha aliniuliza vyumba vipi vinahitajika kweli, nikamtajia kumi na viwili, akalipia kumi na viwili. Waliotuuzia, ambao sitawataja, walikuwa wameacha kujibu barua pepe zetu kuhusu vifaa vitatu vilivyokatika mtandao, kwa hiyo hatukusikia uchungu. Vifaa 28 vingali ukutani.

Ninachotaka mweka hazina wenu akione ni kwamba hadi siku ya mwisho ya mkataba, sisi tulikuwa tukihesabiwa kuwa vifaa 40 katika mapato yanayojirudia. Namba hiyo haiko katika viwango vya uhasibu. Kampuni hujipangia jinsi ya kuihesabu, na kwa kawaida huchukua ada za mwezi wa mwisho na kuzizidisha kwa 12, kana kwamba hakuna atakayeondoka. Muulize kama ripoti inaonyesha wateja walioacha au waliopunguza. Tena kuna tofauti kati ya mteja aliyenunua kwa hiari, kama sisi, na yule aliyelazimishwa na sheria. Katika Umoja wa Ulaya, agizo la mwaka 2013 kuhusu mionzi linazitaka nchi wanachama ziweke kiwango cha rejea cha radoni katika nyumba na mahali pa kazi kisichozidi bekereli (kipimo cha mionzi) 300 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, na mwajiri ambaye anatakiwa kupima hawezi kusema kwamba somo limeshaeleweka. Ningekuwa mwekezaji, ningetaka kujua ada zinatoka kwa kundi lipi.

Mfuatiliaji_wa_Masoko

Nakubaliana na wengi hapo juu, lakini naona Mweka Vitabu anakaribia kuihukumu kampuni kwa robo moja, na biashara hii ina misimu mikali kuliko baridi yetu ya Julai. Radoni hutoka ardhini na kujikusanya ndani ya nyumba, hasa majira ya baridi watu wanapofunga madirisha na kuwasha vipasha joto, na Marekani hutumia mwezi mzima wa Januari kuhamasisha watu kuhusu gesi hiyo. Kwa hiyo ghala hujazwa kati ya Julai na Septemba, mauzo huwa makubwa kati ya Oktoba na Desemba wakati wa punguzo la bei na Krismasi, na fedha huingia baada ya mwaka mpya. Ripoti mliyoishika ni ya robo ya tatu au ya nne? Kuna pia mishtuko isiyo na msimu, kwa mfano moshi wa moto wa misitu ya Kanada uliofunika New York Juni 2023, ambapo mtu ambaye hajawahi kusikia neno chembechembe hukimbilia kununua kipimo. Jumlisheni robo nne zinazofuatana.

Linganisheni pia na wenzao. Airthings ya Oslo, iliyoanzishwa 2008 kwa vipimo vya radoni na kuingia katika soko la hisa la huko mwaka 2020, hutoa ripoti kila robo. Sensirion ya Uswisi, inayotengeneza vihisi vyenyewe, hutoa kila nusu mwaka, kama zinavyofanya kampuni nyingi zilizoorodheshwa hapa kwetu zisizo benki. Ripoti za robo kwa kawaida hazijakaguliwa, kwa hiyo subirini ya mwaka kabla ya kuamini thamani ya ghala.

Hata hivyo msisubiri bila kupiga hesabu moja: fedha zilizobaki benki, gawanya kwa zinazopotea kwa wastani wa robo. Zikitosha robo tatu au nne tu, kampuni itauza hisa mpya, na kama leo kuna hisa milioni 100 na zikaongezwa milioni 50, aliyekuwa na asilimia moja atabaki na theluthi mbili za asilimia moja. Na msisahau shilingi. Aliyenunua mali ya dola kwa 160 Januari 2024 aliiona dola ikishuka hadi karibu 130 miezi michache baadaye. Amepoteza karibu asilimia 19 bila kampuni kukosea lolote.

Mkaguzi_Mstaafu

Msimu ni kweli, ndiyo maana nilisema walinganishe na robo kama hiyo ya mwaka jana, na wiki tatu bado ni wiki tatu. Lakini aliyosema Msimamizi yamenikumbusha jambo ambalo sisi wa sabuni hatukuwa nalo. Mtengenezaji wa sabuni hakujua mche wake umefika bafuni kwa nani. Kipima hewa, kikiwashwa mara ya kwanza, hujisajili kwenye mitambo ya kampuni. Wanajua, kwa siku na kwa nchi, ni vifaa vingapi vimetoka kwenye katoni.

Mweka_Vitabu_SouthB

Ni ya robo ya nne, ndugu Mfuatiliaji. Nimewaandikia usiku huu ofisi yao inayoshughulikia wawekezaji, nikauliza swali hilo moja: kati ya vifaa vilivyohesabiwa kuwa vimeuzwa katika robo hii, ni vingapi vilikuwa vimewashwa kufikia siku ya mwisho ya robo, na ni vingapi katika robo kama hiyo mwaka jana? Mweka hazina amekubali tusinunue kabla ya jibu. Likija nitalibandika hapa.