Muvi za vita za Wafilipino na Wajapani, mbona kama vita viwili tafauti?

Mtoto wa Wete:
Asalaam alaykum wajameni. Sie huku tumezowea tamthilia za Kifilipino za mapenzi na vilio, sasa kuna jamaa kanipa flashi ina muvi za wakati Mjapani alipoikalia nchi yao, 1942 mpaka 1945. Nimeangalia Tatlong Taong Walang Diyos ya Mario O'Hara ya 1976, yaani miaka mitatu bila Mungu, halafu nikaangalia Nobi ya Kon Ichikawa ya 1959, hii ni ya Kijapani lakini kisa kiko kisiwa cha Leyte, huko huko Ufilipino. Ile ya mwanzo Mjapani yumo ndani ya nyumba za watu, anakula, anaoa, anazaa. Hii ya pili Mfilipino humuoni, ni askari na njaa yake na msitu tu. Kwa nini?

Bint Ng'ambo:
Waalaykum salaam kaka. Hiyo ya O'Hara nimeiona mara mbili na zote nimelia. Rosario mwalimu wa skuli, mchumba wake kaingia msituni kupigana, huku nyuma anakuja kubakwa na Masugi, afisa wa jeshi, na Masugi mwenyewe chotara wa Kijapani na Kifilipino. Anashika mimba, mwisho anaolewa nae na moyo unamlainika, watu wa mji ndo washamchukia. Dairekta angeweza kutwambia Mjapani shetani na yakesha, lakini kamuweka yule mwanamke mbele yetu, haya, wewe ungefanyaje? Na kaitoa Marcos, rais wa Ufilipino, yuko madarakani, nchi iko chini ya sheria ya kijeshi, basi watazamaji wa kule hawakuwa wageni wa bunduki.

Ami wa Baraza:
Kijana, humuoni vipi? Irejee tena pale kanisani. Tamura, yule askari wa Nobi, kajificha kwenye kijiji kitupu, wanaingia wawili, mwanamme na mwanamke, yule mwanamke akimuona tu anapiga ukelele, na Tamura anamfyatulia risasi. Wale walifuata chumvi waliyoificha chini ya mbao za sakafu. Anaichukua yeye, halafu bunduki anaitupa majini. Mie pale nilisimamisha muvi nikatoka nje, chumvi jamani! Ila nakubali, yule mwanamke hatukumjua hata jina. Kitabu ilikotoka hiyo Nobi kaandika Shohei Ooka, alokuwa askari Ufilipino akatekwa na Wamarekani 1945, kwa hiyo macho ni ya askari alieshindwa. Na bado ni afadhali mara mia kuliko ile Wajapani walioitengeneza Manila 1944, Yutaka Abe pamoja na Gerardo de Leon, humo Mjapani ndo mkombozi na mateka wa Kimarekani wametiwa kuigiza kwa lazima.

Mtoto wa Wete:
Ahsante ami, ile chumvi imenipita kweli, n'narudia usiku huu. Imenikumbusha bibi yangu alivokuwa akisema mchele wa Baama, yaani Burma, ulikatika kwa ajili ya Mjapani, wakakaa na muhogo mpaka wakauchoka, na hapa Pemba vita vyenyewe hatukuviona.

Bint Ng'ambo:
Ukimaliza tafuta Oro, Plata, Mata ya Peque Gallaga, 1982. Matajiri wa kisiwa cha Negros wanamkimbia Mjapani mpaka msituni, na waliokuja kuwachinja huko ni majambazi, Wafilipino wenzao. Hiyo usiangalie na watoto.