Maiko wa Kyoto: wanalalaje na nywele zile, na kimono analipia nani?

Mdadisi_Kazi: Wakuu, naomba ufafanuzi kwa wanaoijua Japani. Kila ninaposoma kuhusu maiko, wale mabinti wanagenzi wanaosomea ugeisha, naona sura nyeupe na kimono zikisifiwa, basi. Mafunzo yanachukua muda gani? Zile nywele ni wigi? Gharama anabeba nani? Na hili la kuuzwa kwa wateja lina ukweli gani leo?

Uzi_wa_Hariri: Nianze na nywele, maana hapo ndipo penye mateso. Ni zake mwenyewe. Anayevaa wigi ni geiko, geisha aliyehitimu wa Kyoto. Maiko husukwa na msusi maalumu mara moja hivi kwa wiki: nywele zinaoshwa, zinanyooshwa kwa kitana cha moto, zinapakwa nta ya bintsuke mpaka zishikamane, kisha zinagawanywa fungu la mbele, la pembeni, la kisogoni na la juu. Fungu la juu hufungwa kwa nguvu utosini, na uzito wote unaning'inia hapo. Ndiyo maana wengi hutoka na kiupara kidogo utosini. Nywele zimevutwa sehemu ileile miaka kadhaa, mizizi inachoka.

Wiki nzima hiyo hazioshwi. Usiku analalia takamakura, kiboksi cha mbao chenye kimto kidogo juu yake, kinachokaa chini ya shingo ili kichwa kisiguse godoro. Akigeuka vibaya usingizini, fungu la pembeni linabonyea na asubuhi ana kazi ya kulirudisha kwa kitana. Shingo inauma sana miezi ya mwanzo.

Uso nao una utaratibu wake. Nta kwanza, inalainishwa viganjani na kupakwa usoni, shingoni na mgongoni juu. Kisha poda nyeupe iliyokorogwa na maji, kwa brashi bapa, halafu sifongo ya kukausha maji. Nta ikipakwa bila usawa, weupe unashika mabaka. Kisogoni huachwa ncha mbili za ngozi tupu, tatu siku za sherehe rasmi.

Kibubu: Uzi kamaliza ya kichwani, mimi niseme ya mfukoni na ya muda.

Binti anaingia okiya, nyumba ya malezi, akiwa na miaka 15 hivi, baada ya shule ya lazima. Kwanza ni shikomi, kwa kawaida karibu mwaka: usafi, kutumwa, kujifunza lafudhi ya Kyoto, na masomo ya ngoma. Halafu minarai, kama mwezi mmoja, anakaa kwenye karamu akitazama tu, mkanda wake ukiwa nusu ya urefu. Kisha misedashi, siku ya kutambulishwa kama maiko. Akifika miaka 20 au 21 anabadilishiwa ukosi mwekundu kwa mweupe, anakuwa geiko.

Kimono, masomo, chakula, msusi: vyote analipa mama mwenye okiya. Mkanda wa darari, ule mrefu unaoning'inia mgongoni, peke yake una zaidi ya mita 5 na una nembo ya nyumba kwenye ncha. Kuufunga kunataka nguvu, kwa hiyo mvishaji huwa mwanamume. Mteja analipia muda kwa nyumba ya chai, yaani panapofanyika karamu, na sehemu ya maiko inakwenda okiya. Yeye hana mshahara, anapewa pesa ya matumizi na bakshishi. Mkataba huu huendelea miaka mitano au sita.

Watu humwonea huruma maiko kwa hilo, lakini kwangu mimi ukata wenyewe unaanza mkataba ukiisha. Hapo geiko anajitegemea: kodi, kimono na wigi ni juu yake, na wateja wasipomwita hana kitu.

Nyota_Jaha: Kuhusu kuuzwa: sheria ya kuzuia ukahaba ilipitishwa 1956 na adhabu zake zikaanza 1958. Desturi ya kuuza ubikira wa maiko ilikufa na zama hizo. Lakini tusipake rangi. Mwaka 2022 aliyewahi kuwa maiko aliandika Twitter kwamba alinyweshwa pombe akiwa chini ya umri na kushinikizwa aoge pamoja na wateja. Umri wa pombe Japani ni miaka 20, na maiko wengi hawajaufikisha. Sheria ya kazi pia inakataza aliye chini ya miaka 18 kufanya kazi kuanzia saa nne usiku, ilhali karamu mara nyingi huvuka hapo. Hoja inabaki ileile: huyu ni mwanafunzi au mfanyakazi? Nyumba zikisema mwanafunzi, ulinzi wa mfanyakazi unampita pembeni.

Mdadisi_Kazi: Nimeelewa, asanteni. Swali la mwisho: mtu akiwaona njiani, anajuaje nani mgeni kazini na nani mkongwe?

Uzi_wa_Hariri: Tazama mdomo. Mwaka wa kwanza hupakwa rangi wa chini tu. Tazama pia maua ya kichwani: ya mgeni yana utepe unaoning'inia pembeni ya uso, mkongwe hana. Maua yenyewe yanakupa mwezi, kwa mfano Aprili ni sakura, Novemba majani ya maple, Desemba yana vibao vidogo vya majina ya waigizaji wa kabuki, tamthilia ya jadi ya Japani.

Kibubu: Nyumba ya chai haikupokei bila mtu wa kukutambulisha, kwa hiyo kata tiketi ya Miyako Odori mwezi Aprili, ngoma iliyoanza 1872. Usiwavizie vichochoroni na kamera. Njia binafsi za Gion, mtaa wa mageiko hapo Kyoto, zimefungwa kwa watalii tangu 2024, na kibao kinasema faini ni yeni 10,000.