PlayStation 4 inapakua polepole nyumbani Kibokoni, Mombasa

Kijana wa Kibokoni: Assalamu alaykum. Ninalipia intaneti ya kasi ya Mbps 20 (megabiti 20 kwa sekunde), na simu yangu huzipata zote nikiwa ukumbini, lakini PlayStation 4 yangu, mashine ya michezo ya video ya mwaka 2013, iliyo chumbani nyuma ya kuta mbili nene za mawe ya matumbawe, haizidi Mbps 3. Nifanyeje?

Fundi wa Makadara: Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Toleo hilo la kwanza hupokea mawimbi ya Wi-Fi ya GHz 2.4 pekee, ambayo majirani wote wa Mji wa Kale wanayagombania, kwa hivyo hata ukinunua ruta (kifaa cha kusambaza intaneti nyumbani) ya GHz 5, mashine yako haitayaona mawimbi yake. Vuta waya wa mtandao wa aina ya Cat 5e kutoka kwenye ruta, uupitishe juu ya fremu ya mlango. Hubeba Gbps 1 (yaani Mbps 1,000) hadi mita 100.

Baba wa wawili: Uingize ndani ya bomba la plastiki, kwani wangu ulitafunwa na panya. Tena, ukicheza na watu kwenye seva ya Ulaya, waya hautafupisha safari ya data kupitia nyaya za baharini.

Kijana wa Kibokoni: Sasa napata Mbps 19, ingawa mama hajaupenda waya mlangoni.