Naomba ushauri: moto wangu wa kompyuta bado unaonekana bandia

Hamjambo wadau. Niko Kayole, nahariri video za harusi, na sasa nataka kuzama kwenye madoido ya filamu. Natumia Blender, programu ya kuunda picha za 3D, kwa kuwa ni ya bure. Moto natengeneza, shida ni kuuoanisha na video halisi. Nimejaribu kuchoma matatu kwenye video, kwa moto wa kompyuta: ndimi zinapanda vizuri, lakini mwanga wake haugusi lami wala vioo vya gari la jirani, na moshi ni mweusi kuliko vivuli vya video yenyewe. Jicho linakataa papo hapo.

Je, niweke programu kando kwanza, nisome mwanga na upigaji picha? Au nihamie Nuke, programu ya kuunganisha picha za kompyuta na video halisi, ile ya bure ya mazoezi?

Na uvumilivu mnautoa wapi? Kompyuta inarenda (inachakata picha za mwisho) usiku kucha, halafu stima zinapotea! Anayefanya kazi hizi hapa Nairobi anikosoe bila huruma.