Tupeane uzoefu: wazee wetu waliorudi kutoka vitani wakashindwa kulala ndani ya nyumba

Mwana_Muleba

Wakubwa shikamooni, wengine habari za saa hizi.

Jana nimepita Kariakoo saa tano usiku, nikamkuta mzee kajikunyata kwenye baraza ya duka. Koti zito la kijani, rungu miguuni, mgongo kauegemeza kwenye mlango wa chuma. Mtu wa namna hiyo tukimwona tunasema "mlinzi", tunapita. Mimi nilisimama, maana nilidhani namwona baba mdogo.

Baba mdogo aliondoka kwetu Muleba mwishoni mwa 1978 akiwa mgambo, umri miaka 24. Kabla ya hapo alikuwa anapima kahawa kwenye chama cha ushirika. Nduli Idi Amin wa Uganda alishaingia Kagera Oktoba, na Mwalimu Nyerere alishasema uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Wakakusanywa vijana, wakafundishwa bunduki, wakavuka mpaka pale Mutukula.

Aliporudi mwaka uliofuata mimi nilikuwa na miaka saba. Walikuwa wamemwezekea chumba kwa mabati mapya, kitanda cha mninga, blanketi bado lina mikunjo ya dukani. Usiku wa kwanza mvua ikanyesha. Asubuhi hayumo. Mama alimkuta kwenye migomba, kalowa chapachapa, kakaa kitako, viatu mguuni. Usiku wa pili hivyo hivyo. Baada ya wiki kama mbili akachimba handaki nyuma ya choo, kina cha kiuno, akalitandika majani makavu ya mgomba, akahamia humo. Mvua ikizidi anajifunika turubai. Kitanda tukalalia sisi watoto.

Watu wakasema karogwa Uganda. Bibi akaita mganga, mbuzi akachinjwa, nyama tukala, mgonjwa akarudi handakini.

Siku moja nikiwa bado shule ya msingi, rubisi, pombe ya ndizi, imemkolea kidogo, akaniambia mwenyewe. Alikuwa Lukaya, Machi 10, 1979. Pale barabara ya kwenda Kampala inakatiza kwenye mabwawa ya mafunjo, huna pa kujificha kushoto wala kulia. Walibya waliokuja kumsaidia Amin wakaanza kuvurumisha maroketi. Hayakuwapata, yalipita juu. Lakini brigedi yao ilikuwa mgambo watupu, hawajawahi kusikia kitu kile, wakakimbia. Kesho yake walijipanga upya, brigedi nyingine ikazunguka kwa nyuma, wakashinda, na mwezi mmoja baadaye, Aprili 11, Kampala ikaanguka. Wote tulijua hiyo kesho yake. Yeye alibaki kwenye ile siku ya kukimbia. Mvua ikipiga bati, akasema, ni vitu vinapita juu.

Mwaka 1984 akaondoka nyumbani bila kuaga. Kila tulipouliza tulijibiwa kaonekana stendi, mara Bukoba, mara Mwanza. Nilimkuta Mwanza mwaka 1991, kwenye baraza ya duka la vitenge. Mwenye duka alimkuta analala pale, akampa rungu na koti, basi akawa mlinzi. Mshahara wa kwanza alilipwa baada ya miezi minne. Pensheni hakuwa nayo, mgambo hakuwa mwajiriwa.

Mwenye baba, babu au mjomba wa namna hii ashushe kisa. Siasa za nani alianza vita naomba tuziache.

Kaka_Mkavu

Mkuu, pole, ila tusitie chumvi. Baba yangu naye alikwenda Kagera, karudi, kalima, kasomesha watoto sita. Jenerali Musuguri alianzia Keya, jeshi la Mwingereza enzi za ukoloni, akapigana Vita Kuu ya Pili, akaongoza na hii ya Amin, ameishi mpaka miaka 104, Oktoba 2024 ndiyo amefariki. Wengine ni pombe tu.

Mwana_Muleba

Mkuu, Jenerali alirudi kwenye cheo na watu wa kumpigia saluti. Baba mdogo alirudi kwenye mizani ya kahawa, akakuta ameshawekwa mtu mwingine. Na pombe alianza kuinywa akiwa tayari yuko handakini.

Sista_Mstaafu

Mwanangu Kaka_Mkavu, nimekuwa muuguzi wa wagonjwa wa akili miaka 31, nakujibu kwa upole. Ugonjwa huo upo, tunauita kiwewe. Mwaka 1979 vita vinaisha haukuwa hata na jina rasmi. Wamarekani waliuingiza kwenye kitabu chao cha magonjwa ya akili mwaka 1980, baada ya kusumbuka na vijana wao waliotoka Vietnam. Sasa kijijini kwenu nani angejua? Ndugu walikuwa wanatuletea mtu kafungwa kamba, karatasi imeandikwa "kichaa" au "mlevi". Nilikuwa nikiuliza swali moja tu: alikuwa wapi mwaka 78? Kaka mtu anainamisha kichwa.

Na huyo mlevi, wengi wao walikunywa ili walale. Pombe inakulaza kwa saa mbili, halafu inakuamsha na ndoto mbaya kuliko za jana, kwa hiyo kesho unaongeza.

Baba yako aliyelima na kusomesha, alhamdulillahi. Lakini muulize mama yako alikuwa analala upande gani wa kitanda, na kama alithubutu kumgusa baba akiwa usingizini.

Wenye wazee wa namna hii nyumbani: usimwamshe kwa kumtikisa. Simama mlangoni, mwite jina lake, subiri akujibu, ndipo usogee. Mimi nilivunjwa kidole kabla sijajifunza hilo.

Kaka_Mkavu

Nimempigia mama. Tuache tu.

Mutua_wa_Machakos

Hamjambo majirani. Huku Ukambani hicho kisa tunacho, ila chetu ni cha zamani zaidi. Babu yangu alichukuliwa na Keya, akapelekwa Bama (Burma, leo Myanmar) na divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakapita bonde la Kabaw mwaka 1944 kwenye mvua na malaria. Aliporudi alipewa koti, pesa kidogo za kuagia jeshi na barua. Zile pesa zilihesabiwa kwa rangi: Mwafrika alipata kama theluthi ya Mzungu wa cheo kile kile. Na walioanza vita wakiwa na shamba, wengine walirudi wakakuta shamba ni la mwingine.

Nilichotaka kusema ni kuhusu hilo neno mlinzi. Nairobi mlinzi wa usiku tunamwita "soja". Nilikuwa mtu mzima ndipo nikajiuliza kwa nini. Babu alikuwa soja wa duka la Mhindi mtaa wa River Road zaidi ya miaka ishirini. Nyumba ya kupanga hakuwa nayo, mchana alilala kwa zamu kwenye chumba cha wenzake Majengo, watu sita kitanda kimoja. Nyanya alikuwa akimwomba arudi Machakos, anasema atarudi mvua ikinyesha. Sisi tulidhani anapenda jiji. Sasa nimesoma hii ya handaki nikaelewa: usiku ndio hakuuweza, na kazi ya soja ndiyo kazi pekee inayokulipa kwa kutolala. Mtu asiye na nyumba akishika rungu, hakuna anayemhesabu kwamba hana nyumba.

Binti_Arua

Mimi niko West Nile, Uganda. Msinifukuze. Baba yangu alikuwa askari wa Amin. Hiki Kiswahili changu nimekipata kwake, huku kilikuwa lugha ya jeshi, ndiyo maana watu wengi walikichukia.

Huyo baba mdogo wa mwenye uzi na baba yangu pengine walipigiana risasi. Baba alipofika nyumbani mwaka 1979 hakukaa hata wiki, sote tukavuka kwenda Zaire, maana kila mtu wa West Nile alionekana ni wa Amin. Tulikaa huko hadi 1986. Kurudi, nyumba imeliwa na mchwa na nyasi. Alijenga upya, lakini yeye mwenyewe alilala nje, kwenye mkeka, mlango wa nyumba uko wazi nyuma yake. Alisema akilala ndani hataona wanakotokea. Nikimuuliza akina nani, ananiangalia tu.

Huku aliyeshindwa hana siku ya kumbukumbu. Ninyi mna makaburi ya Kaboya na siku ya Mashujaa. Baba yangu hata nguo zake za jeshi mama alizizika usiku. Lakini na yeye kuna kitu alikifanya Kagera, hakukisema, na mimi nilikuwa naogopa kukiuliza. Ng'ombe walioporwa, watu waliouawa, ile mitambo ya sukari iliyoharibiwa, yote tulisikia. Simtetei. Nasema tu alilala nje mpaka alipokufa.

Mwana_Muleba

Dada karibu, hakuna wa kukufukuza. Na sisi kuna ya Masaka huko Uganda, mji ule ulivyosawazishwa kulipiza Kagera. Baba mdogo alipita pale. Hilo hata rubisi haikumtoa.

Houston_Usiku

Wakuu, niko Texas, nafanya zamu ya usiku kwenye makazi ya watu wasio na nyumba. Huku kila Januari huwa kuna usiku mmoja wa kuwahesabu, na wanajeshi wa zamani wana safu yao kwenye fomu. Mwaka 2010 walikuwa zaidi ya 70,000 nchi nzima, mwaka 2024 wakahesabiwa 32,882. Wamepungua kwa sababu serikali ilianza kuwalipia kodi ya nyumba kwanza, bila kungoja mtu aache pombe au apone. Mtu anapewa funguo, matibabu yanamfuata hapo hapo.

Ila hata ukimpa funguo. Mwaka juzi nilimsindikiza mzee mmoja wa Vietnam kwenye nyumba yake mpya, chumba kimoja, jiko, kiyoyozi. Wiki iliyofuata nikaenda kumwona: kitanda bado kimefungwa nailoni. Alikuwa analala ndani ya sinki la kuogea, mlango wa bafu kaufunga. Nikamuuliza kwa nini, akagonga ukingo kwa kucha, akasema hiki ni chuma. Na tarehe 4 Julai wakipiga fataki, namba yake huwa naiweka juu kabisa kwenye simu.

Sista_Mstaafu

Sinki, handaki, mkeka mlangoni. Kila mmoja kajitafutia ukuta wake. Houston_Usiku, mwache humo humo kwenye sinki, mpe tu godoro jembamba na taa ya kuwasha usiku. Ataanza kutoka mwenyewe, au hatatoka, lakini atalala.

Mwana_Muleba

Nimesoma yote, asanteni. Baba mdogo alifariki 2011, pale pale Mwanza, tukamrudisha Muleba. Lakini kuna mzee mwenziwe, walikuwa brigedi moja, bado yupo, ana miaka zaidi ya 70 na analinda ghala la mahindi. Nilikuwa nimepanga Desemba nimpelekee kitanda. Baada ya maneno ya Sista nimeona nimpigie kwanza, nimuulize mwenyewe anataka nini.

Kacheka. Anataka tochi, ile ya betri kubwa tatu.