Jostiki inayumbisha pua ya ndege, na adui nampoteza machoni: naombeni ushauri

MgogoAngani:
Wakuu salaam. Niko Ipagala hapa Dodoma, nacheza IL-2 Sturmovik: 1946. Najua ni gemu la kurusha ndege za vita la tangu 2006, lakini ndilo laptopu yangu inaloliweza. Juzi kati nimeletewa jostiki ya mtumba kutoka Kariakoo, Logitech Extreme 3D Pro, ile ya vitufe 12 ambayo kifimbo chake kinazungushika kwa ajili ya usukani wa mkia.

Shida zangu ni mbili. Nikimweka adui kwenye shabaha, pua inacheza kushoto na kulia, risasi zote zinapita pembeni. Nikirekebisha kidogo, inavuka upande wa pili. Halafu adui akinipita juu ya kichwa tu, basi, simwoni tena. Laptopu haina vitufe vya namba pembeni, na mausi nitaishika na mkono gani wakati mmoja uko kwenye kifimbo na mwingine kwenye throtli, ile ya kuongeza na kupunguza nguvu ya injini?

Natanguliza shukrani. Wale wa "kanunue PS5" mpite kimya kimya.

Zabibu Kavu:
Kanunue PS5.

fundi_redio:
Mkuu, usiguse kwanza mipangilio ya gemu. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika joy.cpl, ingia kwenye sifa za jostiki yako. Kuna kisanduku chenye alama ya msalaba, na pembeni kipau kinachofuata kifimbo ukikizungusha. Achia mkono kabisa, uangalie. Vikitulia, fanya kalibresheni (kuipima upya jostiki) hapohapo, yameisha.

Kama msalaba umetulia ila kile kipau kinarukaruka chenyewe, ugonjwa ni potenshomita ya kuzungusha. Jostiki hizi zinajulikana kwa hilo. Ni kifaa kilekile tunachokiita volyumu kwenye redio, na vumbi la huku kwetu linakipenda mno. Fungua skrubu za chini, pulizia spirei ya kusafishia kontakti, kisha zungusha kifimbo mwisho hadi mwisho mara kadhaa. Usiweke mafuta ya cherehani, tafadhali. Nimeshaletewa za namna hiyo.

Bundi wa Kisasa:
Fundi kamaliza upande wa chuma, mimi niongeze upande wa gemu.

Kwenye mipangilio ya jostiki ya IL-2, kila mhimili, yaani kila upande kifimbo kinakokwenda, una vitelezi kumi vya wepesi. Vya mwanzo vishushe, vya mwisho viache juu kabisa. Hapo katikati ndege itakuwa mpole unapolenga, na ukivuta kifimbo hadi mwisho bado itageuka kwa nguvu zake zote. Kuna watakaokwambia uongeze lile eneo la katikati ambalo jostiki haisikii. Mimi sikushauri, weka dogo tu. Likiwa kubwa, unasukuma hakuna kitu, unaongeza, mara pua inaruka. Ndiko kuvuka unakolalamikia.

Halafu usisahau kwamba ndege za propela zinavutwa pembeni na injini yenyewe. Ukiongeza nguvu au mwendo ukishuka, tazama kile kigololo kwenye dashibodi. Kikiwa pembeni, ndege inateleza, na hata shabaha ikiwa juu ya adui utakosa. Kirudishe katikati kwa usukani wa mkia, ndipo ufyatue.

Sasa macho, na kwangu hili ndilo kubwa kuliko jostiki. Kile kidude cha juu, cha kidole gumba, kipe kazi ya kutazama tu, usikipe kitu kingine. Vitufe viwili vya karibu vipe upana wa kuona: kimoja nyuzi 90 kwa ajili ya kutafuta, kingine 30 kwa ajili ya kulenga. Kwenye kibodi ni Delete na Page Down, ila vitani hutavifikia. Shift+F1 inakupeleka nyuma ya kioo cha kulengea. Ipo pia ile ya kumganda adui ili kamera imfuate yenyewe. Kwa kujifunzia sawa, lakini unaweza kumtazama yeye hadi ukasahau ardhi iko upande gani.

Laptopu ikiwa na kamera, jaribu programu ya opentrack. Ni ya bure, inafuata kichwa chako: ukigeuka kidogo, rubani anageuka sana. Kaa mwanga ukupige usoni, dirisha lisiwe nyuma yako.

MgogoAngani:
Nimefungua joy.cpl. Msalaba umetulia tuli, kipau kinaruka kama panzi hata sijakigusa. Wakati nasubiri spirei nifanyeje?

fundi_redio:
Ondoa mhimili huo kwenye gemu, usukani wa mkia upe vitufe viwili vya kibodi. Sio raha, ila pua itatulia.

Bundi wa Kisasa:
Na unapochagua silaha kabla ya kuruka, kuna sehemu ya kuweka umbali ambao risasi za mabawa zinakutana. Weka mita 200, ukae karibu zaidi na adui. Kwenye ndege kama Spitfire, yenye bunduki mabawani, ndiyo utaona tofauti. Bf 109 nyingi bunduki zake ziko puani, haitakusumbua sana.