Wauza koki za kumwagia oili, acheni kuandika "inaingia gari zote"!

Wadau, hili nimelivumilia vya kutosha, leo naliweka hadharani.

Sote tunaobadilisha oili wenyewe nyumbani tunaijua adha ya nati ya sampu, ile inayoziba tundu la kumwagia kwenye bakuli la oili chini ya injini. Umelala chini ya gari, injini ina joto, umelegeza kwa spana na sasa unamalizia kwa vidole. Ikiachia tu, oili inaruka, inakufuata mkono hadi kwenye kiwiko, nati inazama kwenye beseni na sakafu imeshaharibika. Na oili iliyotumika si ya kuizoea mwilini. Imebeba masizi na chembe za chuma, na ngozi inayoloa oili hiyo mara kwa mara kwa miaka iko kwenye hatari ya saratani.

Koki inamaliza hayo yote. Unaifunga mara moja mahali pa nati, basi. Siku ya kumwaga unachomeka mpira kwenye mdomo wake, ncha ya pili unaiingiza kwenye dumu, unainua kishikio, unakigeuza, oili inashuka yenyewe. Hutafuti washa (ile ringi ya kuzuia kuvuja) mpya kila mara, na meno ya sampu hayaguswi tena. Wanaosema oili ikitoka polepole uchafu unabaki chini, fungueni koki injini ikiwa na joto, uchafu unatoka pamoja na oili.

Kwa hiyo koki sina ugomvi nayo hata kidogo. Ugomvi wangu ni na wanaoziuza.

"Inaingia gari zote." Uongo mtupu! Nati ya sampu ina vipimo viwili: unene wake, na nafasi kati ya jino na jino. Toyota nyingi ni milimita 12 kwa 1.25. Honda nyingi ni 14 kwa 1.5. BMW nyingi ni 12 kwa 1.5. Subaru za injini za zamani ni 20 kwa 1.5, za karibuni ni 16 kwa 1.5. Hizo gari zote ziingie koki moja kivipi?

Muuzaji niliyenunua kwake nilimwandikia kipimo kamili, 12 kwa 1.25. Akajibu "hamna shida bosi", kisha akanitumia 12 kwa 1.5. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Nikaanza kuifunga kwa vidole: mzunguko wa kwanza ikaingia, wa pili ikagoma. Nikaitoa nikailaza ubavuni mwa nati ya zamani, meno kwa meno, nikaziinua kwenye mwanga. Jino la kwanza linakaa vizuri kwenye pengo lake, la tatu limeshapanda juu ya mwenzake. Nikamwambia. Unajua alichonijibu? "Kaza kwa spana, itaingia."

Kaza kwa spana! Sampu za gari nyingi siku hizi ni alumini. Ukiilazimisha kwa spana kitu chenye meno tofauti, alumini inakatika kama sabuni, na hapo unachonga meno mapya au unanunua sampu nzima. Yeye ameshauza, hasara anakuachia wewe.

Halafu kuna zile za kishikio kisicho na loki. Koki ya maana ina springi inayokishikilia kishikio kwenye pengo lake, hakigeuki mpaka ukiinue kwanza. Hizi nyingine kishikio kinazunguka hivi hivi. Kijiti kikikigonga barabarani koki inafunguka, oili yote inamwagika, na injini ikizunguka bila oili ni dakika chache tu imekufa. Kitu kama hicho unamuuziaje mtu bila kumwambia?

Urefu nao hawaandiki. Koki inaning'inia chini ya sampu, sasa mwenye gari lililo chini atajuaje kama itapita salama kwenye matuta? Na ikiwa shingo yake ya ndani ni ndefu kuliko unene wa sampu, kuna oili chafu itabaki chini yake kila unapomwaga. Hayo ni maelezo ya mstari mmoja, rula wanayo, uvivu tu na kutokujali.

Nataka kila tangazo la koki liwe na unene, nafasi ya meno, urefu wa chini na wa ndani, na kama ina loki au haina. Asiyeweza kuandika hayo aache kuuza vitu vya injini.

Mliokwisha kufunga, tuwekeeni hapa modeli ya gari, aina ya injini na kipimo kilichoingia, tusaidiane. Na aliyewahi kuletewa kipimo tofauti na alichoagiza akarudishiwa pesa zake, aseme alipitia njia gani, maana wangu anasoma ujumbe na hajibu.